Komedi ya Runinga na Dansi la Jukwaani
Komedi ya vituko kwenye runinga ya Tanzania ilipamba moto miaka ya 2000, kundi la Ze Comedy liliposhika EATV, kisha likahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Joti, mmoja wa wachekeshaji wa kundi hilo, anajifunga kanga, anabana sauti, na tayari ni bibi kizee anayegombana na mtaa mzima. Upuuzi wa namna hiyo unadai nidhamu kali, maana anayechekesha hatakiwi kucheka. Mtazamaji wa kibanda umiza kule Ilagala, karibu na Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, hahitaji kufafanuliwa kichekesho hicho. Muziki wa dansi wa jukwaani una mizizi mirefu zaidi ya komedi hiyo, na mingi ya mizizi hiyo ilitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia bendi ya Orchestra Makassy, baadaye akaongoza bendi ya Super Matimila. Albamu yake ya 1989, Songs for the Poor Man, ilitolewa na Real World, lebo ya mwanaroki Peter Gabriel. Ni kazi safi sana. Hata hivyo dansi lenyewe hasa ni la ukumbini, pale chemko, yaani sehemu ya kasi ya wimbo, linapokolea na mpiga solo anarefusha kipande kwa sababu tu wachezaji wamekataa kukaa.