Chuma Hakizeeki, Huliwa

Kila kukicha malori yenye shehena ya bandarini hupita Kibamba, yakishika Barabara ya Morogoro kwenda bara na nchi jirani. Kandoni mwa barabara hiyo mafundi wa gereji hufungua injini na kutoa beringi zilizolika na ringi za pistoni zilizokwisha. Vipuri vipya huagizwa ng'ambo, na fedha za kigeni za taifa hutoka. Watu husema chuma kimezeeka. Chuma hakizeeki hivi hivi, huliwa.

Kinachokila ni msuguano, na msaidizi wake mkubwa ni mchanga. Chembe zake za kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikipenya filta ya hewa iliyotoboka, huingia katika oili na kukwaruza kuta za silinda kama msasa. Fundi anayepuliza filta kuukuu ili kumwokolea mteja shilingi chache huenda akamwandalia gharama ya injini nzima.

Mambo haya yana elimu yake. Mwaka 1966 kamati ya Peter Jost nchini Uingereza ilikadiria kwamba nchi hiyo ingeweza kuokoa paundi milioni 515 kwa mwaka kwa kuitumia vema elimu ya msuguano, uchakavu na ulainishaji. Tanzania nayo haikukosa mahali pa kuisomea: Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Hata hivyo, profesa anayepima maabarani jinsi chuma kinavyolika, na fundi anayekiona kikilika kila siku, mara nyingi hukutana tu gari la profesa linapoharibika.

Maabarani kipande huchongwa sawasawa na kusuguliwa kwa uzito uliopimwa. Ni jambo jema, maana bila kipimo hakuna elimu. Lakini beringi ya mashine ya kusaga nafaka haina bahati hiyo: hushinda katika vumbi la pumba, hutiwa grisi yoyote iliyopatikana, na siku nyingine haitiwi kabisa. Ikishakufa, hadubini ingeweza kueleza kama ililiwa na mchanga, ilikosa grisi, au ilikuwa hafifu tangu dukani. Badala yake huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Yafaa wataalamu washuke Mlimani. Waanze na marundo hayo ya Kibamba, wamuulize fundi kila kipande kilitoka wapi na kilitumika muda gani. Kisha majibu yarudi gereji kwa Kiswahili, katika karatasi moja ya kubandikwa ukutani karibu na pipa la oili.