Formaika isimeguke: namna ya kukata ubao wa kaunta nyumbani

Ubao wa kaunta umeshanunuliwa, umeletwa nyumbani, na umezidi urefu wa ukuta kwa sentimita 12. Fundi ana kazi za wiki nzima. Baba anachukua msumeno na kukata mwenyewe. Ubao unakatika, lakini ukingo umejaa mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.

Mara nyingi kosa si la mkono, ni la upande uliolazwa ubao.

Formaika ni ganda jembamba, kwa kawaida halifiki milimita moja, lililobandikwa juu ya ubao wa chembechembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Jino la msumeno linapoingia hulikandamiza ganda hilo. Linapotoka hulisukuma nje, nalo humeguka. Basi kabla ya kukata, angalia meno yanaelekea wapi.

Msumeno wa mkono hukata unaposukumwa kwenda chini, hivyo formaika ikae juu. Msumeno wa umeme wa duara unaoshikwa mkononi, na ule mwembamba unaopanda na kushuka, kwa kawaida hukata kwenda juu. Kwa hiyo, lala formaika chini juu ya kitambaa safi, na uchore mstari upande wa nyuma. Kumbuka kwamba ubao ukigeuzwa, kulia kunakuwa kushoto. Wengi wamekata upande usio wenyewe kwa kusahau hilo.

Hatua za kufuata:

1. Pima ukuta sehemu ya nyuma na ya mbele. Kuta nyingi hazijanyooka.

2. Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, juu ya formaika mahali pa kukata. Kisha pitisha kisu kikali mara kadhaa kwenye mstari, kwa kufuata rula ya chuma.

3. Tumia msumeno wenye meno madogo na mengi. Kata milimita moja au mbili nje ya mstari, bila kulazimisha.

4. Egemeza ubao pande zote mbili za mstari. Kipande kinachokatwa kikining'inia, huvunjika kwa uzito wake na kung'oa ganda mwishoni.

5. Malizia kwa tupa, ukisukuma kutoka kwenye formaika kwenda kwenye ubao. Ukisukuma kinyume, ganda litabanduka.

Kwa tundu la sinki, toboa kwanza mashimo kwenye kona nne, ndipo ukate kutoka shimo hadi shimo. Kona ya mviringo haipasuki upesi kama kona kali.

Kazi haijaisha hapo. Ukingo uliokatwa uko wazi, na ubao wa namna hii ukinywa maji huvimba na haurudi ulivyokuwa. Paka vanishi mara mbili au tatu, au silikoni, hasa kuzunguka sinki, na ubandike utepe wa formaika panapoonekana. Anayeruka hatua hii huenda akanunua ubao mwingine kwa fedha iliyotengwa kwa ada ya shule.

Halafu kuna watoto. Vumbi la mbao ni hatari kwa mapafu, na gundi ya mbao hizi mara nyingi ina fomaldehidi. Vyote viwili vimetajwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kuwa visababishi vya saratani. Katia nje, vaa barakoa na miwani, na watoto wakae mbali mpaka vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi. Usifagie, maana ufagio hulirusha tena hewani. Msumeno wa umeme uchomolewe kwenye soketi kila unapowekwa chini, hata kwa dakika moja. Mtoto aliyemtazama baba akikata atataka naye kujaribu.