Bendi huru, lakini daftari liko kwa nani?

Kuna ubishi umetuchukua wiki mbili nzima kwenye grupu yetu: kijana anayeimba abaki huru, ajirekodi na kujiuzia mwenyewe, ao atafute kampuni kubwa imsaini? Wengine wanasema kusainiwa ni kuuzwa. Wengine wanasema uhuru wa kulala njaa hauna kazi. Mimi naona pande zote mbili zinaruka swali moja, na nitalieleza kwa njia ya bendi ya Marekani ambayo wengi wenu hamuisikilizagi: Green Day.

Najua mtasema ni kelele za wazungu. Muziki wao unaitwa pop-panki: gitaa za nguvu, ngoma za mbio, lakini sauti unayoweza kuimba ukiwa unachota maji, na maneno ya kijana aliyechoka na mtaa wao. Sikilizeni mara tatu kabla ya kucheka.

Billie Joe Armstrong na Mike Dirnt walijuana wakiwa watoto wa shule, California. Baba yake Armstrong alikuwa dereva wa lori. Alikufa mwaka 1982, mtoto akiwa na miaka 10, na mama akabaki na watoto sita, akihudumia wateja mezani mgahawani. Mwaka 1987 vijana hao wakaanzisha bendi, na jina la kwanza lilikuwa Sweet Children.

Mahali walipokulia kimuziki ndipo paliponishika mimi, juu na mimi najitoleaga kwenye kituo cha vijana. Ni ukumbi wa mtaa wa Gilman, namba 924, mji wa Berkeley. Ulifunguliwa mwisho wa mwaka 1986 na unaendeshwa na watu wa kujitolea: wao ndio wanakaa mlangoni, wanafunga vyombo vya sauti, wanafagia. Watoto wanaruhusiwa kuingia. Pombe hakuna, madawa hakuna, kupigana hakuna, ubaguzi hakuna, na sheria zimeandikwa ukutani. Kumbe kitu kama kituo chetu kinaweza kutoa bendi ambayo dunia yote inaijua. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, mkumbuke hilo siku mtakapotuambia kwamba bajeti ya muziki ni anasa.

Kazi zao za kwanza zilitoka kwa kampuni ndogo, Lookout, iliyoanzishwa 1987 na Larry Livermore na mwenzake David Hayes. Livermore mwenyewe alikuwa na bendi, na mpiga ngoma wake, Tré Cool, alianza naye akiwa mtoto wa miaka 12. Mwaka 1990 mpiga ngoma wa Green Day alienda chuo, Tré Cool akachukua nafasi. (Hapa kwetu mtu mmoja akipata resettlement bendi inakufa siku hiyo hiyo. Wao waliendelea.) Walizunguka Marekani kwa gari kuukuu ambalo zamani lilikuwa maktaba ya kutembea, na dereva alikuwa baba yake Tré Cool. Hakuna hoteli, hakuna meneja wa kuvaa tai.

Albamu yao ya pili, Kerplunk, iliuza vizuri kiasi kwamba makampuni makubwa yakaanza kubisha hodi. Mwaka 1993 wakasaini na Reprise. Februari 1994 ikatoka Dookie, ikauza zaidi ya milioni 10 Marekani peke yake.

Na Gilman? Wakafungiwa mlango. Sheria ya ukumbi ilikuwa wazi: bendi iliyosainiwa na kampuni kubwa haichezi humo. Watu waliokuwa wanawapigia makofi wakawaita wasaliti. Naelewa ile sheria. Ukifagia ukumbi bure miaka mingi, hutaki wenye pesa waje kuvuna hapo. Lakini kumwita msaliti mtoto wa mama anayehudumia mezani, eti alipaswa kukataa? Hapo mimi sikubali. Hata hapa kambini kijana akipata kazi ya mkataba kwenye shirika tunasemaga "ameshatusahau," na mshahara wa kwanza haujaingia.

Sasa njooni kwenye sehemu ambayo wabishi wetu hawaitajagi. Green Day walipoenda Reprise, albamu zao za mwanzo waliziacha Lookout. Dookie ilipolipuka watu wakarudi kununua na zile za zamani, na pesa ikaingia kwa kampuni ndogo kama mvua. Lookout ikapanuka: wafanyakazi, matangazo, bendi mpya nyingi ambazo hazikuuza kama ilivyotegemewa. Livermore akaondoka 1997. Kidogo kidogo malipo ya wanamuziki yakaanza kuchelewa, kisha hayaji. Mwaka 2005 Green Day wakaondoa kazi zao pale, juu walikuwa hawalipwi haki yao, na bendi nyingine nazo zikaondoka. Lookout ikaachisha wafanyakazi, ikaacha kutoa albamu mpya, na 2012 ikafungwa kabisa.

Kwa hiyo aliyeshindwa kuwalipa alikuwa nani? Si lile jitu kubwa tunaloogopeshwa nalo. Ni kampuni huru, ya marafiki, ya mtaani kwao. Sisemi walikuwa wezi. Pesa ya wanamuziki iliingia kwenye sanduku moja na pesa ya kukuza kampuni, na sanduku likaisha. Uhuru haukuwazuia.

Hapa kwetu mambo iko hivi. Bendi inaitwa kuimba harusi, pesa inatumwa kwenye simu ya mtu mmoja, juu yeye ndiye mwenye laini iliyosajiliwa. Kiasi gani kimeingia, anajua yeye na Mungu. Akaunti ya YouTube ameifungua yeye, nywila iko kichwani mwake. Siku jina lake likitoka kwenye orodha ya kusafiri, anaondoka na laini, na akaunti, na nyimbo za watu saba. Nimeshaona hivyo mara mbili. Hakuna kampuni kubwa iliyohusika hapo, ni sisi kwa sisi, wote "huru."

Na mashirika nayo. Kila tarehe 20 Juni vijana wetu wanaimba jukwaani, wanapewa soda na fulana, wanapigwa video. Kuna shirika moja, sitalitaja, lilichukua wimbo wa vijana wa hapa likauweka kwenye filamu yake ndogo bila jina la mtunzi hata moja. Tulipouliza tukaambiwa ni "kwa ajili ya jamii." Jamii gani isiyo na majina?

Ninachoomba si kikubwa. Kabla ya onyesho linalofuata, kila bendi inunue daftari la kurasa 48. Iandike nani ametunga, nani amepiga, kimeingia nini, kimetoka nini, na watu wawili washike nywila. Shirika likitaka wimbo, liandike karatasi moja, kwa Kiswahili, inayosema wimbo utatumika wapi na jina la nani litaonekana. Wanaosema karatasi zinaua urafiki, waniambie urafiki wa Lookout uliishia wapi.

Halafu kuna hili: Mei 2015 Green Day walirudi kucheza Gilman, kwa onyesho la kuwasaidia wachapishaji wa vitabu waliounguliwa na moto. Ukumbi ulikuwa bado uko mikononi mwa watu wa kujitolea.

Jumamosi saa tisa tuko kituoni. Bendi zije na daftari, na wale wanaoshika laini za wengine waje pia, wasitume wadogo zao.