Mtoto Akoromaye na Usingizi wa Pono

Mtoto akikoroma husemwa kuwa amelala usingizi wa pono, na wazazi huridhika. Napenda kuwaambia walimu na wanafunzi wasomao jarida hili kwamba ridhaa hiyo mara nyingi haina msingi. Mtoto mwenye mafua hukoroma siku mbili tatu kisha hunyamaza, huyo tumwache. Lakini yule akoromaye usiku baada ya usiku, kinywa wazi, kichwa amekirudisha nyuma, shingo ikimtoka jasho, huenda anapigania pumzi.

Nyuma ya pua, juu ya koromeo, pana tezi laini ziitwazo adenoidi, ambazo wengi wetu huziita nyama za pua. Kazi yake ni kunasa vijidudu viingiavyo na hewa. Hukua upesi katika miaka ya kwanza ya maisha, kisha husinyaa, hata mtu mzima akawa karibu hana. Taabu huja zinapovimba, aghalabu pamoja na tonsili, wakati njia ya hewa ingali nyembamba. Mwanafunzi wa fizikia atauona uzito wa jambo hili: hewa ipitayo kwa utulivu katika mrija hukutana na kizuizi kinachoongezeka mara 16 nusu kipenyo cha mrija kikipungua kwa nusu. Mchana misuli ya koo huishikilia njia isizibe. Usiku misuli hulegea, hasa wakati wa ndoto, na njia huziba. Kifua hupanda na kushuka, lakini hewa haiingii. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mtoto hugutuka kwa kishindo, akavuta pumzi, akalala tena. Hayo yaweza kurudiwa mara nyingi kwa saa moja, na asubuhi hakumbuki lolote.

Asilolikumbuka yeye huonekana darasani. Mtu mzima mwenye maradhi haya husinzia mchana. Mtoto mara nyingi hufanya kinyume: hatulii, husahau, hukasirika upesi. Wako wakojoao kitandani, na wako wanaochelewa kukua. Nasi walimu (nami nimo, ingawa wangu ni watu wazima) tuna maneno tayari: mvivu, mtukutu, mzito wa kichwa. Wengine hupewa na fimbo juu yake.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1889 daktari Mwingereza, William Hill, aliandika juu ya watoto walioitwa wajinga kumbe shida yao ilikuwa pua na koo. Mwaka 1998 David Gozal alichapisha uchunguzi wake wa watoto 297 wa darasa la kwanza nchini Marekani, wote wa mkiani kwa alama. Kati yao 54 walikutwa na kasoro ya hewa wawapo usingizini. Watoto 24 walitolewa tonsili na adenoidi, na mwaka uliofuata alama zao zikapanda. Wale 30 ambao wazazi wao hawakutaka tiba hawakupata maendeleo hayo.

Hata hivyo sisemi kila akoromaye apelekwe kwenye kisu. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013, la watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, usingizi ulirejea hali ya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa mapema, lakini pia kwa asilimia 46 ya waliosubiri chini ya uangalizi. Tabia ya waliopasuliwa iliboreka zaidi, ila vipimo vya usikivu havikuonyesha tofauti ya maana. Uamuzi basi ni wa daktari wa masikio, pua na koo. Upasuaji wenyewe hupitia kinywani, mtoto akiwa katika nusukaputi, bila kuchanjwa usoni. Hatari zake, hasa kutoka damu, zipo, na ndiyo sababu ufanyike hospitali.

Hapa sina budi kutaja kukata kimio. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki mtoto mwenye kikohozi au shida ya koo hupelekwa kwa mkataji wa kienyeji. Kimio si adenoidi, wala hakiko mahali pake. Kukikata hakuifungui njia ya pua, na watoto wamepoteza damu, wamepata sumu ya vidonda, wengine wamekufa. Mwalimu wa biolojia mwenye ubao na chaki aweza kuichora tofauti hiyo kwa dakika tano, nami naona ajabu kwamba mada ya upumuaji hufundishwa kana kwamba binadamu hupumua mchana tu.

Mwalimu wa darasa naye, kabla ya kumwandika mtoto kuwa mtukutu, amwulize mzazi: je, hukoroma karibu kila usiku, na je, pumzi hukatika? Hospitali zetu nyingi hazina mitambo ya kupima usingizi usiku kucha. Lakini simu nyingi za leo hupiga picha za video. Mzazi ampige mtoto picha kwa dakika chache akiwa amelala, kifua kikiwa wazi, aende nayo kwa daktari.