Kabla fundi hajapiga Windows, muulize kuhusu modemu

Tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, wafanyabiashara wadogo wenye kompyuta za zamani wamekuwa wakishauriwa na mafundi wapige Windows upya. Ushauri si mbaya. Ila fundi anaangalia kompyuta. Biashara ni juu yako mwenyewe kuiangalia.

Chukua mwenye steshenari hapa Cheyo, Manispaa ya Tabora, anayewajazia watu fomu za ajira na za mikopo ya wanafunzi. Intaneti yake ni modemu ya USB yenye laini ya simu ndani. Fundi anafuta kila kitu na kuanza kuweka Windows 11. Katikati ya kazi, kompyuta inasimama na kudai iunganishwe na intaneti kwanza. Modemu inachomekwa, kimya. Windows mpya haina draiva yake. Draiva iko kwenye intaneti, na intaneti iko ndani ya modemu! Siku mbili zinapita, wateja wanahamia duka la jirani. Kwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku, kazi ya kuingiza taarifa kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, nayo inalala.

Wapagazi waliovuka Mgunda Mkali kuja Unyanyembe walibeba chakula na maji kabla ya kuingia porini. Fundi naye aje na draiva kwenye flashi kabla ya kufuta chochote.

Mkishakwama, msikimbilie kununua modemu nyingine. Kwanza toeni laini, iwekeni kwenye simu, muone kama ina bando. Mara ngapi Windows imelaumiwa kumbe bando limeisha! Kisha jueni kwamba nyingi za modemu hizi, zikichomekwa, hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu yake ndani. Programu hiyo ikishaingizwa ndipo hugeuka kuwa modemu. Angalieni basi kama alama ya CD imejitokeza. Programu ikiwa ya zamani mno na kukataa, chomekeni simu ya Android kwa waya wa USB, na kwenye mipangilio ya simu mruhusu kugawa intaneti kwa USB. Mara nyingi Windows huitambua bila draiva yoyote, nayo draiva ya modemu inapakuliwa kupitia hapo. Modemu ikionekana lakini haiungi, kagueni jina la APN la mtandao wenu.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Intaneti ikiwaka tu, Windows huanza kupakua masasisho, na bando la wiki linaweza kuisha kabla ya chai ya saa nne. Iambieni kompyuta mapema, kwenye mipangilio ya mtandao, kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo.

Kompyuta inayokataliwa na Windows 11 kwa uzee inaweza kuwekwa Ubuntu, ambayo ni bure na huwekwa hata bila intaneti. Ila hakikisha kwanza programu yako ya hesabu itakubali.

Mkubaliane na fundi mapema: leja na picha zinakiliwe kwenye flashi yako, na malipo ya mwisho yatoke baada ya kompyuta kufungua tovuti mbele yako, kwa modemu yako, dukani kwako.