Ukosoaji wa Usasa na Kivuli cha Dola: Dhidi ya Usomaji Mwepesi wa Wang Hui

Umezuka miongoni mwa wahakiki wetu mtindo wa kuishangilia kila nadharia inayoushutumu usasa, mradi isiwe imetoka Ulaya. Fikra za kisiasa za China zimepokewa kwa shangwe hiyo, na anayetajwa zaidi ni Wang Hui, mtaalamu wa Lu Xun aliyeshiriki kulihariri jarida la Dushu kuanzia 1996 hadi 2007. Makala haya yanaupinga usomaji huo. Tunashikilia kwamba ukosoaji wa usasa usioigusa dola ni nusu ya ukosoaji, na nusu hiyo haikawii kugeuka utetezi.

Tuanze na matini yenyewe. Katika makala yake iliyotoka katika jarida la Tianya mwaka 1997, Wang Hui alidai kwamba ujamaa wa Mao ulikuwa nadharia ya usasa iliyoupinga usasa: ulikataa ubepari, huku ukiendelea kuamini maendeleo. Aliwashutumu pia wasomi wa miaka ya 1980 kwa kuuita ujamaa huo masalia ya ukabaila, hata wakashindwa kuona kwamba maovu yake yalikuwa maovu ya usasa. Wakilaani jana, waliifungulia mlango bidhaa ya soko bila kuikagua.

Hoja hiyo ina makali pande zote mbili. Wasomaji wetu wameshika upande mmoja tu. Wanakariri kwamba Mao alitaka kufuta tofauti baina ya mfanyakazi na mkulima, mji na shamba, kazi ya akili na kazi ya mikono. Hawaulizi ni chombo gani kilichopewa jukumu hilo. Mwaka 1958 chombo hicho kiliwakusanya wakulima katika makomuni, na mwaka huohuo sheria ya usajili wa kaya ikawafunga katika vijiji vyao. Nafaka yao ililisha miji na viwanda. Njaa iliyofuata, hadi 1961, iliua mamilioni ya watu. Je, huo ndio upinzani dhidi ya usasa tunaoalikwa kuuiga?

Wengine hukimbilia kwa Zhao Tingyang, ambaye katika kitabu chake cha 2005 alifufua dhana ya kale ya tianxia, yaani vyote vilivyo chini ya mbingu, ili kuuwazia ulimwengu usiogawanywa na mataifa yanayoshindana. Ndoto hiyo ina mvuto. Lakini nani atakayeketi katikati ya ulimwengu huo, na aliye pembezoni atamshitaki kwa nani?

Tutaambiwa kwamba maswali haya ni ya waliberali wa Magharibi. La hasha. Nchini China kwenyewe Xu Jilin amewakemea wanazuoni wenzake kwa kuitukuza dola. Tena maswali haya ni makongwe kuliko chama tawala. Zhang Taiyan, akiandika Tokyo katika jarida la wanamapinduzi la Minbao, alidai mwaka 1906 kwamba mageuko hukuza wema na uovu kwa pamoja. Mwaka 1907 akasema kwamba dola haina uhalisi wake yenyewe. Mwanafunzi wake, Lu Xun, aliwakejeli mwaka 1908 wanamageuzi waliodhani dhahabu, chuma na bunge vingeiokoa China, akasisitiza kwamba mtu ndiye wa kujengwa kwanza. Hao waliukosoa usasa pasi na kuisujudia dola wala kuyatukuza ya kale.

Mhakiki wa fasihi ana sababu yake ya kulishughulikia jambo hili. Shajara ya Mwendawazimu ya Lu Xun, iliyochapishwa 1918, hunukuliwa kila mara kwa yale mwendawazimu anayoyaona: jamii ya walaji watu. Aghalabu dibaji yake husahauliwa. Shajara imeandikwa kwa lugha ya kawaida, dibaji kwa lugha ya kale ya wasomi. Nayo yatuarifu kwamba mgonjwa alikwisha kupona, akaenda zake kungojea cheo serikalini. Lu Xun alijua hatima inayoukabili ukosoaji. Anayeufundisha ukosoaji wa Kichina katika madarasa yetu hana budi kuisoma dibaji hiyo pamoja na shajara, kisha aiulize kila nadharia anayoipenda kama bado inaumwa au imekwisha kuajiriwa.