Nani Atalipia Jiko la Shule?

Kwa miaka mingi mji wa Bukoba uliwashwa taa kwa umeme uliotoka Uganda, kupitia Masaka. Leo, huko Rusumo wilayani Ngara, upo mtambo wa megawati 80 ulioanza kuzalisha mwaka 2023, na umeme wake wagawanywa sawasawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nyaya zimefika hata katika vijiji ambavyo zamani havikujua taa ila ya mafuta. Hayo ni maendeleo, na mwenye kuyadharau hatuna la kumwambia.

Lakini na tuingie jikoni. Chini ya nyaya hizo hizo sufuria ya ndizi na maharage bado imekalia mafiga matatu, na sehemu kubwa ya joto la kuni hupotea hewani bila kukifikia chakula. Anayelipa hasara hiyo ni mama, kwa macho na mapafu yake, na mtoto aendaye shule na mzigo wa kuni kichwani.

Serikali imekwisha sema. Taasisi zilishazo watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziache kuni na makaa mwaka 2024; na mkakati uliozinduliwa mwezi wa Mei mwaka huo wataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Amri ni njema. Twauliza neno moja tu: fedha ya jiko jipya yatoka mfuko gani? Mwalimu mkuu akiletewa amri bila fedha, ama ataendelea kununua kuni kimya kimya, ama atawatoza wazazi mchango mwingine. Yote mawili hatuyakubali. Mkulima wa Muleba angojeaye malipo ya kahawa yake asifanywe ndiye hazina ya kila agizo.

Halmashauri za Bukoba na Muleba ziandike jiko la shule katika bajeti, kama ziandikavyo madawati.

Wala si kila jiko lingoje mtungi wa gesi kutoka mbali. Mwenye kibanja husita akiambiwa atie samadi katika mtambo wa gesi, akidhani anaipunja migomba yake. Sivyo. Kinyesi kikishatoa gesi, tope libakilo ni mbolea vilevile, na mgomba haukosi haki yake. Kweli, ng'ombe wawili hawatoshi kupikia shule ya bweni, na anayesema watosha anawadanganya watu. Bali kwa jiko la nyumba moja wafaa sana. Maganda ya kahawa nayo, yanayorundikana penye viwanda vya kukoboa, yaweza kushindiliwa yakawa makaa ya kupikia. Vyama vya ushirika vyajua yalipo kuliko mtu yeyote.

Na yapo ya kufanywa usiku huu huu. Maharage yaliyolowekwa tangu jioni huiva upesi. Sufuria yenye kifuniko na jiko lililozungushiwa udongo hupunguza kuni. Hayo hayahitaji saini ya waziri.

Yaliyobaki yahitaji saini ya diwani. Bajeti itakapoletwa, wanachama wa kila kata wamwulize diwani wao mambo matatu: shule ngapi, kwa fedha kiasi gani, na kufikia mwezi gani. Majibu yaandikwe, yabandikwe penye ofisi ya kata.